Njia ya Kurudi kutoka Maziwe

Mpira wa kifuniko cha nyuma ulikuwa umepasuka kwa urefu usiozidi kidole gumba. Niliuona asubuhi ile nilipokuwa nikizipanga kayaki mchangani Ushongo, kijiji cha pwani ya Pangani, nikaupapasa, nikajiridhisha kwamba ufa haujapenya hadi upande wa pili, kisha nikatandika mfuko wa nailoni juu ya tundu (enzi hizo mifuko hiyo ilikuwa haijapigwa marufuku) na kukibana kifuniko kwa nguvu kuliko kawaida. Kazi hiyo haikunichukua hata dakika mbili. Nimeifikiria mara nyingi kuliko jambo lolote jingine nililowahi kufanya baharini, ingawa si mpira ule ulioniingiza matatani peke yake.

Wakati huo nilikuwa na miaka sita katika kazi ya kuwaongoza wageni. Maziwe nilikuwa nimekwenda mara zisizohesabika kwa boti ya mashine, na mara kumi na moja kwa kafi, na katika safari hizo kumi na moja hapakuwahi kutokea lolote la kusimulia. Nilizihesabu safari zile kama ushahidi kwamba najua ninachofanya. Sikujiuliza ni ngapi kati yake zilifanikiwa kwa sababu ya maarifa yangu, na ni ngapi zilifanikiwa kwa sababu bahari siku hiyo ilikuwa na shughuli nyingine.

Kwa asiyepajua, Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, kilomita zipatazo 8 kutoka pwani ya Pangani, mkoani Tanga. Wazee wanapakumbuka pakiwa kisiwa hasa, chenye mivinje na kivuli, na mwaka 1975 serikali ilipatangaza kuwa eneo la hifadhi ya bahari. Baadaye miti ikatoweka, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 kisiwa kikawa si kisiwa tena. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linapojaa, panabaki maji matupu. Kasa hawakupata habari hiyo. Wanaendelea kupanda na kutaga palepale, na kwa miaka mingi mayai yao yamekuwa yakihamishiwa ufukweni Ushongo ili maji yasiyaharibu. Mgeni anapofika asubuhi na kuona ule mchanga mweupe umekaa katikati ya bahari ya buluu, hawezi kuamini kwamba alasiri mahali aliposimama patakuwa na samaki.

Ilikuwa mwezi wa Julai, katikati ya msimu wa Kusi, ule upepo wa kusini. Wageni wangu walikuwa wanne, ndugu wa familia moja kutoka Dar es Salaam: mama wa makamo, mwanawe wa kiume aliyekuwa chuoni, na binti wawili wa dada yake. Walipanda kayaki mbili za watu wawiliwawili, zile ambazo mtu hukaa juu yake na si ndani, nami nikawa na ya kwangu peke yangu. Wote walikuwa wamevaa majaketi ya kuokolea, na nilikuwa nimeyakaza mikanda mimi mwenyewe. Upepo haukuwa na neno. Umande, ule upepo mwepesi unaotoka nchi kavu alfajiri, ulikuwa ukimalizikia, na maji ya karibu na ufukwe yalilala kama kanga iliyonyooshwa kwa pasi.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye wote pale tulimwita Babu, alikuwa ameketi chini ya mkungu akitengeneza wavu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mnakwenda wapi na vidude hivyo?"

"Maziwe, Babu."

"Leo tarehe ngapi?"

Nilijua anauliza tarehe ya mwezi wa Kiislamu, kwa kuwa wavuvi wetu hulijua bamvua kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nikamwambia ni kumi na saba.

"Basi mtarudi na Kusi usoni."

"Tutarudi mapema, Babu."

"Mapema ya nani?" akauliza, na akaendelea na wavu wake.

Nilicheka kwa adabu. Sikulijibu swali lile kwa sababu nililichukua kuwa maneno ya mzee anayependa kuwa na neno la mwisho. Baadaye nilitambua kwamba ndilo lilikuwa swali lote.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Ukitoka Ushongo kwenda Maziwe unaelekea upande wa kaskazini-mashariki, na Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, hivyo ulikuwa ukitusukuma kwa ubavuni na kwa nyuma kidogo. Mkondo wa pwani nao, ambao msimu huo hukimbilia kaskazini, ulikuwa upande wetu. Mama yule, ambaye hakuwahi kushika kafi maishani, alifika akiwa bado anaimba, na akaniambia kwamba kumbe jambo lenyewe ni rahisi. Nilifurahi kama mwalimu anavyofurahi. Kosa langu lilikuwa hapo hapo, ndani ya furaha hiyo: niliupima uwezo wa kundi langu kwa safari ambayo upepo na mkondo ndio walioifanya kazi. Wepesi wa kwenda ulikuwa ukinieleza, kwa kilomita na kwa dakika, jinsi kurudi kutakavyokuwa kugumu, nami niliusikia kama sifa.

Mpango ulikuwa kuondoka saa sita kamili mchana. Hakuna mtu aliyeamua tuchelewe. Kijana alikuwa ameona pweza akataka dada zake wamwone, mmoja wao akakanyaga urchini tukakaa kumtoa miiba, kisha chakula kikafunguliwa, na mama akasema tumalizie chai iliyomo kwenye chupa ili tusiibebe. Kila jambo lilihitaji dakika kumi tu. Tuliondoka saa saba na nusu.

Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza na ya mwisho hupanda kidogo, ila katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote, na kwa bamvua la kwetu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu ndani ya saa mbili. Tulikuwa katika saa hizo hizo. Tulipokuwa tukizishusha kayaki, mchanga ulikuwa ukimegeka chini ya miguu yetu, na mahali tulipokuwa tumetandika mkeka palikwisha kuwa maji. Maana yake ni kwamba hata kama ningetaka kughairi na kusubiri, hapakuwa tena na pa kusubiria. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa nyuma yetu wakati sisi tukinywa chai.

Na Kusi ulikuwa umeamka. Hii ni tabia yake inayojulikana na kila mvuvi: asubuhi hujifanya mpole, kuanzia saa nne au saa tano hupata nguvu, na alasiri ndipo hufika kileleni. Kwa mtu wa kayaki ongezeko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo uliotoka kilomita 10 kwa saa hadi 20 haukusukumi mara mbili, unakusukuma mara nne.

Kiasi cha nusu saa baada ya kuondoka, niliona kwamba kayaki ya mama na mwanawe imeanza kubaki nyuma. Nilidhani ni uchovu. Niliwangojea, nikawapa maneno ya kuwatia moyo, tukaendelea, wakabaki tena. Ndipo nilipotazama tezi ya kayaki yao, yaani sehemu yake ya nyuma, na kuona kwamba wimbi ambalo langu linainuka na kulipanda, kwao linapita juu. Nilisogea nikagonga ubavu wa kayaki kwa kiganja. Kayaki tupu hulia kama ngoma. Ile ilitoa sauti ya mtungi uliojaa nusu, na baada ya kugonga nikasikia maji yakijivuta ndani kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini.

Ubaya wa kayaki za aina ile ni huo: aliyekaa juu hawezi kuyaona maji yaliyomo tumboni mwake. Kuyatoa kulitaka kifuniko kifunguliwe, na kukifungua katikati ya mawimbi kulikuwa kukaribisha mengine. Tukaziunganisha kayaki tatu ubavu kwa ubavu, binti wawili wakashikilia upande mmoja nami upande wa pili, nikalaza kifua changu juu ya tezi ili mwili wangu uyakinge mawimbi, na kijana akaanza kufua maji kwa chupa ya plastiki niliyoikata kwa kisu. Ilichukua robo saa. Tulipomaliza, kayaki ilikuwa nyepesi, mfuko wa nailoni nimeutandika mara mbili, na mimi nikainua macho kuitafuta Ushongo.

Kuna mbuyu upande ule, na nyuma yake, juu kidogo, kulikuwa na nyumba yenye bati jipya lililokuwa likimeta. Tulipotoka Maziwe nilikuwa nimevipanga viwili hivyo vikae mstari mmoja, kama wavuvi wanavyofanya wanapotafuta mwamba wao. Sasa bati lilikuwa limeuacha mbuyu mbali sana upande wa kushoto. Ukiwa baharini, misuli hukudanganya, na maji yanayopita ubavuni hukudanganya zaidi, maana yanakuonyesha kwamba unakwenda. Alama mbili za nchi kavu hazina sababu ya kukudanganya. Tulikuwa tumepiga kafi karibu saa nzima, na tulikuwa tunakwenda kaskazini.

Nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga asubuhi. Watu wawili wasio na mazoezi huipeleka kayaki ya namna ile kilomita 5 kwa saa kwenye maji shwari. Dhidi ya upepo ule walikuwa wakienda labda 3, na mkondo ulikuwa ukitunyang'anya sehemu ya hizo. Kufika Ushongo kungetaka saa nne au zaidi bila kupumzika, na hapo kungekuwa usiku. Tena mikono ya mama ilikuwa imeanza kutetemeka kila alipoiinua kafi.

Nikaiacha Ushongo. Nikisimulia inaonekana jambo dogo, lakini ilinichukua dakika kadhaa za ubishi wa ndani kwa ndani, kwa kuwa Ushongo ndiko kulikokuwa na wenzangu, chakula, na heshima yangu ya kiongozi. Niliwaambia wageni kwamba tutaelekea nchi kavu moja kwa moja, popote tutakapoangukia, na kwamba hatutashindana tena na upepo. Nikafunga kamba kwenye kayaki ya mama nikaivuta.

Hata hivyo, popote haikuwa popote. Kaskazini yetu ulikuwapo mdomo wa mto Pangani. Maji yanapojaa, mdomo ule hupitika bila shida kubwa, lakini yakianza kupwa, mto hutoka kwa nguvu na kukutana na mawimbi ya Kusi yanayokuja, na hapo mawimbi husimama wima na kuvunjika bila mpangilio. Vyombo vikubwa kuliko vyetu hupaheshimu. Maji yangejaa karibu saa kumi na nusu, na muda si mrefu baada ya hapo yangeanza kugeuka. Ilikuwa lazima tuguse ardhi kusini mwa mto, upande wa Bweni, kabla ya mto kutoka.

Tulifika saa kumi na mbili kasorobo. Upande wa kulia, katika umbali ambao sauti ya mtu ingeweza kuvuka, niliona mstari wa maji ya kahawia ukikatana na maji ya buluu, na juu ya mstari ule povu jeupe likiruka. Kayaki ya binti wawili ilipinduliwa na wimbi la ufukweni katika maji ya kufika magotini, mmoja akapoteza kandambili na kuanza kulia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Mama aliketi mchangani na jaketi lake, hakusema neno. Hakuna aliyeumia, ukiacha miiba ya urchini.

Tulipopata simu ya kupiga, nilimpata mpishi wetu. Yeye ndiye mtu pekee niliyekuwa nimemwambia tunakwenda Maziwe, na nilichomwambia kilikuwa "tutarudi mchana". Alikuwa ametufunikia wali. Hakuwa amepata wasiwasi wowote, kwani mchana kwake ulikuwa haujaisha mpaka magharibi ilipoadhiniwa.

Miaka michache baadaye nilihudhuria mafunzo ya waongozaji, na mkufunzi akatusimulia mkasa wa Lyme Bay, kusini mwa Uingereza. Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 8 wa sekondari kutoka Plymouth, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili, waliondoka Lyme Regis kwenda Charmouth kwa kayaki, safari fupi ya kando ya pwani. Upepo uliokuwa ukitoka nchi kavu ukawasukuma nje, kayaki zikajaa maji moja baada ya nyingine, na wanafunzi wanne wakafariki katika maji baridi. Waliobaki nchi kavu walichelewa kwa saa kadhaa kuwaita waokoaji. Mwaka 1994 mkurugenzi wa kampuni iliyoendesha kituo kile alihukumiwa kifungo, na mwaka 1995 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyofanya vituo vya aina hiyo vinavyohudumia vijana vihitaji leseni. Wenzangu darasani waliuliza maswali kuhusu baridi na vifaa. Mimi nilikuwa nawaza juu ya wali uliofunikwa. Maji yetu mwezi Julai huwa na joto la nyuzi 25 au 26, na nadhani joto hilo lilitupa saa ambazo wale watoto hawakupewa. Ukiliondoa hilo, mambo mengine yalifanana mno na yetu.

Tangu hapo nimeacha kujiuliza kama safari ni ya hatari, kwa sababu swali hilo jibu lake ni ndiyo kila siku, na mtu akilijibu kila siku huzoea. Najiuliza kuhusu kurudi: upepo wa saa tisa na si wa saa mbili, mikono ya aliye dhaifu kuliko wote atakapokuwa amekwisha choka, na pa kushukia endapo sitafika ninapokusudia. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausoma jioni ya kuamkia safari, na kasi ya upepo nazingatia ile ya alasiri. Saa ya kuondoka kisiwani nampa mgeni mmoja aishike yeye, na kumwambia mbele ya wenzake kwamba atakuwa na haki ya kunifokea. Nchi kavu namwachia mtu karatasi yenye saa kamili, na maneno ya wazi: saa hii ikipita hujatuona, usinipigie mimi, wapigie wenye boti.

Mambo madogo nayo siku hizi nayajumlisha. Mpira uliopasuka peke yake ningeweza kuuvumilia hata leo kwa safari ya kando ya ufukwe. Bamvua peke yake si tatizo, wala mgeni asiye na mazoezi, wala Kusi, wala saa moja na nusu ya kuchelewa. Asubuhi ile niliyapitisha yote, moja moja, kama karani anayegonga muhuri, na hakuna wakati niliposimama kuyatazama yakiwa yamekaa pamoja. Sasa yakifika matatu ya namna hiyo sitoki, hata kama siwezi kueleza hasa ni lipi kati yake lenye ubaya.

Kinachonisumbua zaidi ni ridhaa. Kabla ya kuondoka niliwauliza, "Mko tayari?" nao wakajibu kwa sauti moja kwamba wako tayari. Ndiyo ile haikuwa na thamani yoyote. Mtu asiyejua kwamba maji hujaa kwa haraka katikati, wala kwamba mdomo wa mto hubadilika, hawezi kuikubali hatari hiyo. Anamkubali kiongozi wake tu. Nikiwa peke yangu bado hutoka siku ambazo wengine wangenilaumu, na sioni haya kulisema hilo, kwani deni lake nalilipa mwenyewe. Nikiwa na watu, ninaamua kwa ajili yao jambo ambalo hawajui kwamba linaamuliwa.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, niliwarudisha wageni watatu tukiwa hatujafika hata kilomita moja kutoka ufukweni. Mkanda mmoja wa jaketi ulikuwa umelegea, mmoja wao alikuwa ametapika, na upepo ulikuwa umeanza mapema kuliko nilivyotarajia. Walikasirika, na mmoja akasema kwa adabu ya watu wa mjini kwamba alidhani amelipa kwa ajili ya bahari. Niliwarudishia fedha zao. Siku hiyo Kusi haukupanda kabisa. Kuanzia saa tano hadi jua kuzama bahari ilitulia, ngalawa zikapita zikienda na kurudi, na mashua moja ya watalii ikatoka Maziwe na watu wake wakipunga mikono. Babu alikuwa palepale chini ya mkungu. Alizitazama kayaki zilizopinduliwa mchangani, akanitazama mimi niliyekuwa nikibandua mpira wa kifuniko na kuweka mpya, akauliza kama ule wa zamani nautupa, maana angeweza kuutumia kwenye taa yake. Nikampa.